Konvata ya Pikapu Yako, Mpwa Wangu

Mpwa wangu, mama yako ameniambia kwamba pikapu umeshainunua na sasa unatafuta toki konvata ya mashindano. Picha nimeziona: Chevrolet Silverado 1500 ya 2004, injini ya lita 5.3, giaboksi ya otomatiki aina ya 4L60E, difu ya 3.42, na matairi ya inchi 33 badala ya yale iliyotoka nayo kiwandani. Gari zuri hilo. Kazi ya giaboksi niliianzia Mombasa kwenye malori, nikaja kuizeekea huku Ohio kwenye pikapu kama hiyo yako, kwa hiyo nivumilie nikuambie mawili matatu kabla hujatoa kadi ya benki. Mama yako anasema unataka "stoli ya 3,600". Yeye hajui ni kitu gani, amefurahi kwa kuwa wewe umefurahi. Mimi najua, na ndiyo sababu naandika.

Ndani ya konvata, hilo duara la chuma lililokaa kati ya injini na giaboksi, kuna mapanga ya pampu, ambayo injini inayazungusha. Yanatazamana na mapanga ya turbaini, ambayo ndiyo yanayozungusha giaboksi. Katikati pana gurudumu dogo la mapanga liitwalo stata, lenye ruhusa ya kuzunguka upande mmoja tu. Pampu inarusha oili, oili inaipiga turbaini, gari linaondoka. Stata inaikamata oili inayorudi, inaigeuza na kuirudisha kwenye pampu ikiwa inaelekea upande ule ule wa mzunguko, na hapo ndipo msokoto wa injini unapoongezeka, karibu mara mbili wakati gari linang'oka. Mjerumani Hermann Föttinger aliipatia konvata hataza mwaka 1905 kwa ajili ya meli, miaka mingi kabla Buick haijaiweka kwenye Roadmaster ya 1948. Nakutajia hayo ili usidhani ni kitu kilichobuniwa juzi na vijana wenye kamera.

Stoli ni mizunguko ya juu kabisa ambayo injini inaweza kufika huku turbaini imesimama. Unakanyaga mafuta, gari limezuiwa, mshale unapanda hadi pale oili inapokataa. Konvata ya kiwandani kwenye gari lako inakataa kwenye mizunguko kama 1,600 hadi 1,800 kwa dakika. Injini yenyewe inatoa msokoto wake mkubwa ikifika 4,000. Kijana akiziona namba hizo mbili anapiga hesabu ya haraka: nikiinua stoli, injini itaondoka ikiwa tayari imeshafika kwenye nguvu zake. Hesabu si mbaya. Kwenye uwanja wa mbio za robo maili ni sahihi kabisa, na ndiyo maana wenye magari ya uwanjani wanafunga stoli ya 4,000 na kuendelea wala hawajuti.

Ila wewe hukai uwanjani. Unakaa Houston. Jumatatu hadi Ijumaa uko Katy Freeway saa ya kwenda kazini, unasogea mita kumi unasimama, unasogea tena. Jumamosi unafunga trela lenye mashine za kukata majani, na Agosti ya Texas unaijua kuliko mimi. Hiyo ndiyo kazi ya pikapu yako. Kule uwanjani utaenda mara moja moja, tena mvua isiponyesha.

Sasa chukua kalamu. Ukiwa kwenye gia ya nne, ambayo kwa giaboksi hiyo ni 0.70, na difu yako ya 3.42, na matairi ya inchi 33, mwendo wa maili 70 kwa saa unahitaji mizunguko karibu 1,700 tu. Ukifunga stoli ya 3,600, maana yake unasafiri kutwa nzima chini kabisa ya pale konvata inapoanza kushika sawasawa. Kama hakuna klachi ya kuzifunga pamoja (nitaifikia), pampu itakuwa inazunguka zaidi ya turbaini muda wote, na tofauti hiyo haipotei hewani. Inageuka joto, na joto linakaa kwenye oili. Chukulia unavuta trela na injini inatoa nguvu za farasi 60 ili kudumisha mwendo. Konvata ikiteleza kwa asilimia 10 tu, umepoteza kama kilowati nne na nusu, yaani ni kama umezitumbukiza pasi nne za umeme ndani ya oili ya giaboksi na kuziacha zimewashwa safari nzima.

Oili hiyo ina mipaka. Ikiwa kwenye nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi iko kwake. Mafundi wa giaboksi tunahesabu kwamba kuanzia nyuzi 80, kila nyongeza ya nyuzi 11 inakata umri wa oili nusu. Hiyo ni kanuni ya gereji, si ya maabara, lakini sijawahi kuona ikidanganya kwa mbali. Ikikaribia 120 inaanza kuacha utando kwenye vali, sili zinakuwa ngumu, na zile klachi ndogo za ndani zinaanza kuteleza zinapobanwa. Kwenye 4L60E zinazotangulia kulia ni klachi za gia ya tatu na ya nne. Nimeshusha sampu nyingi za pikapu ambazo wenyewe waliniapia kwamba gari "lilianza tu leo asubuhi". Oili mpya ni nyekundu na ina harufu hafifu. Ile ninayoikuta inakuwa ya rangi ya chai ya rangi iliyochacha, harufu yake inakukaba koo, na sumaku iliyoko chini ya sampu imevaa tope jeusi laini. Ukilisugua tope hilo kati ya vidole na ukahisi ni unga tu, bado kuna matumaini. Ukihisi chembe zinazokwaruza, mwite mwenye gari aje aone mwenyewe, maana ukimwambia kwa simu hatakuamini.

Kwa hiyo fedha ya kwanza usiitoe kwa konvata. Nunua kipozea oili cha kukaa mbele ya rejeta, kikubwa kadiri nafasi inavyoruhusu, na geji ya joto la oili. Geji hiyo usiifungie mahali inapopendeza. Ifungie mahali utakapoiona ukiwa unatazama barabara. Na ujue kihisio chake kimekaa wapi: kwenye sampu kitasoma joto la oili iliyokwishapoa, kwenye bomba linalotoka konvata kitasoma kubwa zaidi, na vijana wengi wanaogopeshana bure kwa kulinganisha namba za sehemu mbili tofauti. Endesha hivyo wiki kadhaa na konvata yako hiyo hiyo ya zamani. Andika joto la foleni, joto la trela, joto la mlima kama huko mna mlima. Ukishajua hali ya gari lako likiwa zima, ndipo utajua konvata mpya imeongeza nini.

La pili, usikubali konvata isiyo na klachi ya kufunga. Najua zinauzwa, najua ni rahisi, na utaambiwa zinavumilia. Ni za magari yanayofika uwanjani juu ya trela. Klachi hiyo inapojifunga, pampu na turbaini zinakwenda pamoja kama chuma kimoja, mtelezo unakwisha na oili inapumua. Kwenye barabara ndefu ndiyo inayokuokoa na stoli uliyoichagua. Lakini haifungi wakati wote: mjini kwenye mwendo mdogo iko wazi, ukikanyaga sana inaachia, ukipanda daraja na mzigo inaachia. Usije ukasema "nina klachi ya kufunga" ukadhani umesamehewa. Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Tangu 1995 kompyuta ya giaboksi za aina yako haiibani klachi hiyo kwa mara moja. Inaibana kwa mapigo, ikiiacha iteleze kidogo ili abiria wasihisi mshtuko. Klachi ya kiwandani imetengenezwa kuvumilia hivyo. Klachi nyingine za konvata za kununua hazivumilii, nazo zinaungua zikiwa bado mpya. Mwulize muuzaji klachi yake inataka kubanwa vipi, kisha hakikisha kuna mtu wa kuiandika upya programu ya kompyuta ilingane na jibu hilo. Gharama hiyo iweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Turudi kwenye ile hamu yako ya kuondoka kwa kishindo. Piga hesabu nyingine: konvata inazidisha msokoto mara mbili hivi, gia ya kwanza ni 3.06, difu 3.42. Zizidishe. Wakati gari linang'oka, matairi ya nyuma tayari yanapewa msokoto wa injini mara 21 hivi. Na pikapu yako, ikiwa haina mzigo, ni nyepesi wapi? Nyuma. Zipo konvata zinazozidisha zaidi ya hapo, na wauzaji wanazisifu kwa mpigo wake. Mpigo upo kweli, lakini kwenye gari lenye mgongo mtupu unakwenda kuwa moshi wa tairi na kelele za kuwaamsha majirani. Juu ya hayo, ndani ya 4L60E kuna bakuli la chuma linaloshika gia ya jua ya nyuma, na bakuli hilo linajulikana kwa kupasuka likipigwa mishtuko mingi. Likipasuka unapoteza gia ya pili, ya nne na rivasi kwa pamoja. Watu wanavutwa na winchi kwa ajili ya kitu hicho kimoja. Konvata kali kwenye giaboksi ambayo haijafunguliwa tangu 2004 ni kumsukuma mzee aliyesimama ukingoni.

Nisikilize baba, nadhani tatizo lako si konvata. Umelalamika kwa mama yako kwamba gari linaondoka zito. Lazima liondoke zito: umelitoa kwenye matairi ya karibu inchi 31 ukalipa ya 33, na kwa kufanya hivyo umeifanya difu yako ya 3.42 ifanye kazi kama ya 3.2. Uzito unaousikia umeuvalisha mwenyewe. Ukibadilisha difu ukaweka 4.10, unapata asilimia 20 ya mvuto wa ziada kwenye kila gia, kila mwendo, na mzigo au bila mzigo, bila kuongeza joto hata kidogo kwenye oili. Barabarani kwa maili 70 injini itakwenda kwenye 2,050 hivi, ambapo kwa trela ni pazuri kuliko 1,700. Kuna la kuangalia hapo: kama pikapu yako ni ya kuvuta magurudumu manne, difu ya mbele nayo lazima ibadilishwe kwa namba ile ile, na bili inakuwa mara mbili. Kama ni ya kuvuta nyuma tu, ningeanza na difu na kusahau konvata kwa mwaka mzima.

Lakini wewe ni mwana wa dada yangu na nakujua, konvata utanunua tu. Basi tukubaliane kwenye namba. Kwa kemshafti ya kiwandani na trela la Jumamosi, stoli ya 2,200 hadi 2,400 inakutosha. Kama trela ungeliacha, ningekuruhusu 2,600. Ukija kubadilisha kemshafti, tazama karatasi yake: watengenezaji wanaandika inaanza kufanya kazi kwenye mizunguko mingapi, na stoli hufuata hapo, isizidi sana. Kemshafti ndefu, yaani inayoziacha vali wazi kwa muda mrefu, inainyima injini nguvu za chini, na hapo ndipo konvata iliyolegea inapokuwa dawa. Kufunga konvata iliyolegea kwenye injini ambayo chini iko salama ni kumeza dawa ya ugonjwa usio nao. Utaihisi kila siku: unagusa mafuta kutoka kwenye maegesho, injini inanguruma kwanza, gari linafikiria, kisha linaenda. Jaribu kurudisha trela nyuma kwenye njia nyembamba ya mteja kwa konvata ya namna hiyo, huku yeye amesimama barazani anaangalia maua yake.

Na hiyo namba ya stoli inayoandikwa kwenye boksi usiishike kama namba ya kiatu. Konvata ile ile inapanda juu zaidi ikiwekwa nyuma ya injini yenye msokoto mkubwa. Msokoto ukiongezeka kwa theluthi moja, stoli inapanda kwa asilimia 15 hivi: konvata iliyopimwa 2,400 nyuma ya injini ndogo itakupa karibu 2,770 nyuma ya ile kubwa, bila mtu kugusa panga hata moja. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: mmeipima nyuma ya injini ipi? Kisha nyamaza umsikilize. Muuzaji anayejua kazi naye atakuuliza mengi: uzito wa gari, difu, kimo cha tairi, kemshafti, trela, klachi ya kufunga, unaliendesha wapi. Mjibu ukweli. Vijana wana tabia ya kumtajia muuzaji gari wanalolitamani badala ya lile lililopo uani, wanatengenezewa konvata ya gari lisilokuwepo, halafu wanakuja kwangu kulalamika. Na asiyekuuliza chochote zaidi ya namba ya kadi, kata simu.

Usitafute ya bei ya chini kabisa. Ya kiwandani ina mapanga yaliyoshikwa kwa vijino vilivyokunjwa tu. Kwa kazi ya kiwandani vinatosha, kwa kazi ngumu mapanga yanalegea na kulala. Nzuri imechomelewa mapanga yake kwa shaba kwenye tanuri. Kifuniko chake cha mbele ni kinene, hakivimbi shinikizo likipanda. Kinachovimba kinaisukuma krenkshafti mbele na kula beringi yake, na hapo umeanza na giaboksi ukamalizia na injini.

Kufunga utafungiwa na fundi, lakini simama pale pale. Wengi wanaharibu hapa, na wanaharibu kwa dakika chache. Kwanza mabomba ya kipozea yasafishwe, na kama giaboksi ya zamani ilikufa kwa kusagika chuma, kipozea cha zamani kitupwe, kwa sababu zile chembe zinajificha humo na kurudi kwenye konvata mpya. Sili ya mbele iwe mpya, imepakwa oili. Konvata imiminiwe oili kama lita moja kabla ya kupandishwa, isianze kavu. Kisha fundi anaisukuma kwenye shafti huku anaizungusha polepole, na hapo ufungue masikio: inaingia hatua kwa hatua, na kila hatua unasikia inadondoka ndani kwa mlio mfupi mzito. Ya mwisho ndiyo inayoshika pampu ya giaboksi. Mwenye haraka hasikii ile ya mwisho. Anaona giaboksi imebakiza nafasi kidogo tu kufika kwenye injini, anachukua spana na kuivuta kwa bolti. Nimeshuhudia kijana hodari akifanya hivyo karibu na saa ya kufunga gereji. Kulikuwa na mlio mmoja mkavu, na pampu ikawa vipande viwili kabla gari halijawashwa hata mara moja. Giaboksi lazima ikutane na injini kwa mkono mtupu, bila bolti kuivuta. Ikishakutana, konvata izungushwe kwa mkono, iwe huru, na ibaki na nafasi ya milimita 3 hadi 5 kabla ya kuvutwa mbele kwenye bamba la flaiwili. Mwombe fundi akupimie nafasi hiyo ukiona. Akikasirika, badilisha fundi.

Baada ya hapo oili ipimwe injini ikiwa inawaka, iko moto, gia kwenye P, gari kwenye sakafu iliyo sawa. Siku za mwanzo tembea kawaida, bila trela, ukiangalia geji na kulinganisha na zile namba ulizoziandika. Usijaribu stoli kwa kukanyaga breki na mafuta pamoja ili kuwaonyesha rafiki zako, kwa sababu wakati huo nguvu zote za injini hazina pa kwenda isipokuwa kwenye oili. Sekunde tano ni nyingi. Ukitaka kujua imefika wapi, tafuta mahali pasipo na watu, anza gari likiwa limesimama, kanyaga mafuta mara moja hadi mwisho na tazama mshale unaruka hadi namba gani kabla mwendo haujashika.

Msalimie mama yako. Na kabla hujalipa, nitumie karatasi ya muuzaji pamoja na majibu yake, na picha ya ile stika ya kwenye kijisanduku cha dashibodi ambapo kiwanda kimeandika msimbo wa difu, tuihakikishe hiyo 3.42, maana kwenye picha ulizotuma imefunikwa na mfuko wako wa miwani.